Biashara inayotaka kuchangia miti ya jamii: njia zipi za kulipia, zipi za kuziacha

Biashara ikishajulikana kuwa inataka kuchangia miti na ardhi ya jamii inayoizunguka, maombi huja kwa wingi. Shirika linaleta wazo la mti mmoja kwa kila bidhaa inayouzwa. Kikundi cha akina mama kinaomba viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, na bomba la maji kwa ajili ya kitalu. Shule inatafuta mdhamini wa siku ya kupanda miti. Kamati ya kijiji inaomba posho ya walinzi wa eneo lililotengwa lisilishwe mifugo. Yote huitwa kuchangia mazingira, lakini kiasi kilekile cha pesa kikiingia katika njia hizi nne huzaa matokeo manne tofauti kabisa.

Nazilinganisha hapa mbilimbili, kwa kigezo kimoja: miaka mitatu baada ya pesa kutoka, ni nini kitakuwa kimesimama ardhini, na nani atakuwa analipwa kukitunza? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Pesa ya biashara ifuate uhai wa mti. Njia inayolipia shimo na mche halafu ikaishia hapo siipendekezi kwa mtu yeyote, hata ikiwa rahisi kiasi gani.

Bei ya mche na gharama ya mti ulio hai

Tuseme mezani kuna maombi mawili ya kupanda miche 1,000. La kwanza linataka 1,000, kwa fedha yoyote unayotumia. La pili linataka 2,500. Katika la kwanza hakuna palizi, maji wala mlinzi baada ya siku ya kupanda, na kiangazi cha pili kikiisha imebaki miti 200. Kila mti uliopona umekugharimu 5. Katika la pili kuna palizi, ulinzi na kurudishia iliyokufa, na imebaki 800. Kila mti umekugharimu 3 na kidogo. Hizi ni namba za mfano tu, lakini hesabu yenyewe ni ya kumfanyia kila anayekuletea ombi: gawa fedha yote kwa miti anayotarajia iwe hai mwaka wa tatu, kisha muulize msimu uliopita ilipona mingapi na nani aliihesabu. Akikosa jibu la swali la pili, jibu lake la kwanza halina uzito.

Wazo la kulipia uhai si geni. Green Belt Movement, iliyoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977, iliwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche uliopona, na miti iliyopandwa kupitia vuguvugu hilo imepita milioni 51. Mpango wa TIST, wa wakulima wadogo wanaopanda miti, ulioanza Tanzania mwaka 1999, nao huhesabu miti iliyo hai katika mashamba ya wakulima na kulipa kwa hesabu hiyo.

Upande wa pili kuna Uturuki. Tarehe 11 Novemba 2019 ilipandwa miche milioni 11 kwa siku moja. Miezi michache baadaye chama cha wafanyakazi wa kilimo na misitu kikatangaza kwamba katika maeneo kilichoyakagua, hadi asilimia 90 ya miche ilikuwa imekufa. Serikali ikakanusha. Pasipokuwa na utaratibu wa kuhesabu uliokubaliwa na wote tangu mwanzo, kila upande hubaki na namba yake, na aliyetoa pesa hana pa kushika.

Mti kwa kila mauzo, au fungu maalumu la mwaka?

Mti kwa kila mauzo una nguvu moja ya kweli: mteja anaelewa papo hapo. Hahitaji maelezo, na akirudi kununua anajua anaongeza kitu. Kwa biashara inayokutana na wateja wengi kila siku, mvuto huo si mdogo.

Tatizo ni kwamba mauzo hayafuati kalenda ya miti. Mbegu hukusanywa zinapokomaa, viriba hujazwa miezi kadhaa kabla ya mvua, na kazi kubwa ya maji huja kiangazi, wakati mauzo yako huenda yameshuka. Kikundi kisichojua kitapokea kiasi gani mwezi ujao hakiwezi kumwahidi mlinzi posho. Huotesha kidogo kwa hofu, au huotesha kingi kwa matumaini kisha miche ikazeekea kitaluni.

Fungu la mwaka halina mvuto huo kaunta, lakini kikundi kinapanga nalo. Lipime kwa mauzo, usilipime kwa faida. Mtandao wa 1% for the Planet, ulioanza mwaka 2002, huwataka wanachama watoe asilimia moja ya mauzo ya mwaka, na naona wako sahihi: faida inaweza kusomeka sifuri kwenye vitabu mwaka ambao biashara inaendelea vizuri kabisa, bali mauzo hayafichiki.

Ukitaka vyote viwili, weka kima cha chini kisichobadilika kwa miaka mitatu, kisha mchango wa kila mauzo uwe nyongeza juu yake. Kima kilipe utunzaji, nyongeza ilipe upanuzi. Na kwenye tangazo la dukani andika kile unachokijua. Ukiandika "tumepanda miti 3,000" wakati ulichofanya ni kuchangia gharama ya miche 3,000, mteja atakayekwenda kuangalia eneo atakuwa na haki ya kukuuliza iko wapi.

Siku ya kupanda, au mkataba wa kutunza?

Siku ya kupanda hupendwa kwa sababu inaonekana. Wafanyakazi wanatoka ofisini, wanajamii wanakusanyika, picha zinapigwa. Lakini tarehe yake mara nyingi hupangwa kwa kalenda ya ofisi, mvua haiulizwi. Na ukijumlisha usafiri, fulana na mahema, unaweza kukuta miche ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye bajeti.

Kupanda mche kunaonekana kazi nyepesi, kumbe kunataka mkono uliozoea. Shimo zuri huchimbwa wiki kadhaa kabla, upana na kina cha sentimita 45 hivi, udongo mweusi wa juu ukiwekwa kando na ule wa chini ili urudi kwanza kwenye mizizi. Kiriba hupasuliwa ubavuni kwa wembe na kuondolewa chote bila udongo kubomoka. Mizizi iliyojizungusha kitakoni hukatwa, maana ikiachwa itaendelea kuzunguka humohumo mpaka mti ujinyonge wenyewe. Mche huwekwa shingo yake ikiwa usawa wa ardhi, udongo hushindiliwa kwa mguu, na penye ukame huachwa beseni dogo la kushikilia maji. Sasa waweke watu mia kwenye mteremko mmoja kwa muda wa saa mbili, wengi wakiwa mara yao ya kwanza, na hotuba ya mgeni rasmi inakaribia. Viriba vinafukiwa pamoja na mche. Mashina yanazikwa hadi majani ya chini. Miche ile inasimama vizuri kwenye picha, na mwaka unaofuata inakufa bila hata ukame kuja.

Mkataba wa kutunza ni kinyume chake: watu wachache wenye ujuzi wanalipwa kwa muda mrefu. Wanapalilia, wanaweka matandazo, wanamwagilia kiangazi cha kwanza, wanarudishia iliyokufa mvua ikirudi, wanafukuza mbuzi. Hakuna anayepiga picha ya palizi, lakini humo ndimo uhai wa mti ulimo.

Kosa linalofanywa na wafadhili wapya waliokwisha kuelewa umuhimu wa uhai ni kuzuia malipo yote hadi hesabu ya mwisho. Hapo unawatwisha hatari ya ukame watu wasio na akiba. Kikundi kikipigwa na kiangazi kirefu kitakuwa kimefanya kazi mwaka mzima bure, na hakitarudi tena. Mpango ninaouamini ni huu: kazi ilipwe kila mwezi kwa kuwa ni kazi, na bonasi ilipwe kwa miti iliyopona. Mwezi unalipia jembe na ndoo, bonasi inalipia uangalifu.

Hesabu nayo iwe rahisi na ya wazi. Miti iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni kama 1,111 kwa hekta, kwa hiyo kipande cha mita 10 kwa 10 kinapaswa kuwa na miti kama 11. Gawa eneo vipande, chagueni kumi kwa kura ya bahati, nendeni pamoja mfadhili na kikundi mkahesabu. Kura ina maana kubwa hapa, kwa sababu eneo lililo karibu na njia huwa limetunzwa kuliko lile la nyuma ya kilima.

Sisemi siku ya wafanyakazi ifutwe. Ihamishwe. Waalike wafanyakazi wako kwenye palizi ya kwanza na kwenye hesabu ya mwisho wa kiangazi. Wataona kilichokufa na kilichopona, watazungumza na wanaobeba maji, na watarudi kazini wakijua pesa ya kampuni inafanya nini. Kwa kujenga moyo wa watu hilo linazidi siku kumi za kupanda.

Kitalu cha kikundi, au miche ya kununua mbali?

Kitalu kikubwa cha mbali kina sifa zake. Miche inalingana, unaipata kwa wingi na kwa haraka, na kwa miti ya matunda iliyobebeshwa mara nyingi ndiko kwenye ufundi. Msimu wa kwanza, kabla kikundi hakijajipanga, si vibaya kununua huko.

Baada ya hapo uzito uhamie kwenye kitalu cha jamii. Pesa inabaki mikononi mwa watu watakaoishi na miti hiyo. Mbegu zinatoka kwenye miti mama iliyokwisha kuzoea udongo na mvua za pale. Miche haitikisiki safari ndefu juu ya lori. Na ujuzi unabaki, maana kila mbegu ina tabia yake: ya mwarobaini hupoteza uotaji haraka na inataka kusiwa mapema baada ya kuvunwa, ilhali ya migunga mingi ina ganda gumu, hukaa muda mrefu na huhitaji kulowekwa kwenye maji ya moto kabla ya kusiwa. Mtu aliyejifunza haya amejifunza kazi.

Jambo ambalo biashara nyingi hukosea ni aina ya msaada. Wanatoa viriba, mbegu, toroli, keni za kumwagilia, kisha wanaaga. Kikundi kinaotesha miche elfu kadhaa, mvua inakuja, mnunuzi hayupo. Mizizi inatoboa viriba na kuingia ardhini, miche inarefuka kupita kiasi, msimu unaofuata wanachama wamepungua nusu. Kikundi kinachotaka kusimama kinahitaji soko, na soko ndilo kitu mfanyabiashara anachokielewa kuliko mfadhili mwingine yeyote. Toa oda ya maandishi kabla ya mbegu kusiwa: aina hizi, idadi hii, urefu huu, miche iwe imezoeshwa jua kabla ya kutoka, malipo ya awali kiasi hiki. Oda ya namna hiyo inaweza hata kukiwezesha kikundi kukopa. Ukiweza, wasaidie wapate mnunuzi wa pili, ili siku biashara yako ikitetereka kitalu kisife nayo.

Kagua pia mbegu zinatoka wapi. Zikitoka kwenye mti mmoja ulio karibu na kitalu, miche yote ni ndugu, na ugonjwa mmoja unaweza kuimaliza kwa pamoja. Waombe wakusanye kutoka miti mingi iliyoachana.

Kupanda, au kukuza kile ambacho tayari kiko ardhini?

Ulinganisho huu ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote, kwa sababu biashara nyingi hazijui hata kama kuna chaguo la pili.

Mashamba na malisho mengi yanayoonekana matupu hayako matupu. Miti ilikatwa, mizizi ikabaki hai. Kila mvua kisiki hutoa machipukizi, na kila mwaka machipukizi hayo hulishwa na mbuzi, hukatwa wakati wa kuandaa shamba au huchomwa. Mwaka 1983 huko Maradi, kusini mwa Niger, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, alikuwa amechoka kupanda miche inayokufa, ndipo akatambua kwamba vichaka vilivyozagaa mashambani vilikuwa miti iliyokatwa ikijaribu kurudi. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi, kuyapogolea na kuyalinda. Katika miaka kama ishirini njia hiyo ilienea hadi hekta zinazokadiriwa kuwa milioni 5, na miti kama milioni 200, bila kitalu wala kiriba. Mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood, mwaka uleule aliopewa Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, mkulima aliyefufua ardhi ngumu kwa mashimo ya zai yanayokusanya maji na samadi.

Tanzania ina historia yake ndefu ya jambo hili. Shinyanga, wafugaji wa Kisukuma walikuwa na desturi ya ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili litumike kiangazi. Mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya desturi hiyo, na kutoka hekta kama 600 zilizokuwa zimebaki, ngitili zilirudi hadi kupita hekta 300,000. Dodoma nako, shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit wameieneza njia ya kukuza machipukizi kwa jina la Kisiki Hai, jina ambalo sasa wakulima wengi wanalitumia kama lao.

Kazi yenyewe naieleza kwa karibu ili ujue utakachokuwa unakilipia. Mkulima anakikuta kisiki kimetoa machipukizi kumi, kumi na tano, yote membamba, yamebanana kama ufagio. Anachagua matatu au manne yaliyonyooka, yenye afya na yaliyoshika vizuri kwenye shina. Mengine anayakata chini kwa panga kali, kata iwe safi, gome lisichanike. Kwenye yale aliyoyabakiza anapogolea matawi ya pembeni kuanzia chini hadi karibu nusu ya urefu. Kisha anafunga kitambaa au anaweka alama nyingine inayoonekana, ili mchungaji na mchanja kuni wajue kwamba kisiki hiki kina mwenyewe. Kwa kuwa mizizi iko chini tayari na inafikia unyevu ambao mche mchanga hauupati, machipukizi yaliyobaki hukimbia kwenda juu. Hakuna kumwagilia. Mapogoleo ya kila mwaka yanakuwa kuni za nyumbani, kwa hiyo faida inaanza mapema.

Linganisha sasa bajeti. Kwenye upandaji pesa inakwenda kwa mbegu, viriba, usafiri wa miche, mashimo na maji. Kwenye kisiki hai inakwenda kwa mafunzo, mapanga na misumeno ya kupogolea, wahamasishaji wanaozunguka kwa baiskeli au pikipiki, vipindi vya redio, na mikutano ya kupitisha sheria ndogo. Kwa hekta moja ni nafuu sana. Ugumu wake ni kwamba mfadhili hana kitu cha kukabidhi mbele ya kamera, na baadhi ya wenye biashara huona kama hawakufanya lolote. Nawaomba waangalie ardhi, si makabidhiano.

Kisiki hai kina mipaka yake pia. Ardhi iliyolimwa kwa trekta miaka mingi huwa imeng'olewa visiki vyote, na penye korongo au udongo uliobaki mwamba hakuna cha kuchipua. Eneo la aina hiyo linahitaji kupandwa. Njia ya kujua ni kutembea shambani wiki chache baada ya mvua pamoja na wazee wanaokumbuka kulikuwa na miti gani. Mkikuta machipukizi ya urefu wa goti kila hatua kadhaa, pesa ya miche itumieni kwa jambo jingine. Mpaka wa pili ni wa kijamii: kama baada ya mavuno mifugo ya kila mtu huingia shamba la kila mtu, mkulima mmoja hawezi kulinda visiki vyake bila makubaliano na majirani. Ndiyo maana nimetaja mikutano ndani ya bajeti. Mikutano ile ndiyo uzio wenyewe.

Na kabla ya miti ya aina yoyote, iwe ya kupandwa au ya kuchipua, angalia maji yanakimbilia wapi. Ardhi iliyokakamaa humwaga mvua yote bondeni ndani ya dakika chache. Makinga maji, matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko) kama yale ya Machakos, Kenya, mashimo ya nusu mwezi na ya zai huyashika maji yakazama. Biashara yenye vifaa au watu wa ujenzi ina cha kuchangia hapa kuliko hundi.

Mti sahihi mahali sahihi

Hili nalipitia kwa ufupi, ila lina uwezo wa kugeuza mchango mzuri kuwa mzigo. Mathenge, mti wa miiba kutoka ng'ambo, ililetwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuokoa ardhi kame. Ikasambaa ikafunga malisho na njia za maji, na wafugaji wanaendelea kupambana nayo. Mkalitusi hukua haraka na kwa nguzo na kuni una nafasi yake, lakini karibu na chemchemi haufai. Mwenye ombi akikuletea aina moja tu ya mti kwa eneo lote, uliza kwa nini.

Na kuna mahali ambapo mti haufai hata uwe wa asili. Nyika za majani zilizokuwa nyika tangu zamani ziachwe ziwe nyika. Pwani nako, baada ya tsunami ya 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa wingi. Watafiti walipokagua maeneo 23 baadaye, 9 hayakuwa na mche hata mmoja uliopona, hasa kwa sababu ilipandwa mahali ambapo maji ya bahari hayakuifaa. Linganisha na Gazi, Kwale, nchini Kenya, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umejikita katika kulinda hekta 117 za mikoko iliyokuwapo tangu mwanzo, na kupanda kunafuata nyuma ya ulinzi huo.

Kuchangia moja kwa moja, au kununua hati za kaboni?

Mikoko Pamoja huuza hati za kaboni, yaani uthibitisho wa hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti ambao wengine huulipia, na mapato yamelipia maji na shule katika vijiji husika. Kwa hiyo hati za kaboni zinaweza kuwa za heshima. Kwa biashara ndogo ya mtaani, hata hivyo, siziweki mbele. Gharama za uhakiki ni kubwa na zinafaa eneo kubwa, unanunua kitu ambacho wateja wako hawawezi kukitembelea, na mara nyingi mtu kati anachukua sehemu kabla kijiji hakijapata. Ukiamua kununua, uliza swali moja: kati ya kila mia ninayolipa, ngapi zinafika kwa wanaotunza miti? Muuzaji mzuri atakujibu kwa maandishi.

Ardhi ya nani?

Kwenye shamba la mtu binafsi uangalizi huwa mzuri, kwa sababu mwenye shamba anajua kuni, kivuli na mbao ni zake. Weka tu makubaliano ya muda na haki ya kuvuna. Kwenye eneo la shule kuna watoto wa kumwagilia na kujifunza, ila likizo ndefu mara nyingi huangukia kiangazi, kwa hiyo lipia mtu wa likizo. Ardhi ya kijiji ndiyo yenye faida kwa wengi na ndiyo yenye hatari: bila muhtasari wa mkutano uliosainiwa, kamati ikibadilika miti inaweza kulimwa. Usitoe malipo ya kwanza kabla hujauona muhtasari huo.

Uchague ipi?

Kama biashara yako ina mapato ya kila mwezi yasiyoyumba sana, lipia utunzaji: posho za wanaopalilia na walinzi kwa miaka mitatu, na bonasi ya uhai. Acha wengine wagombanie kulipia miche, kwa kuwa hao hawakosekani.

Kama mapato yako ni ya msimu, toa oda ya miche kwa kikundi kimoja na malipo ya awali wakati wa msimu wako mzuri. Pesa ile inaweza kukaa kwenye akaunti ya kikundi hadi wakati wa kujaza viriba.

Kama una gari, karakana, duka la vifaa au mafundi kuliko ulivyo na fedha taslimu, nenda kwenye makinga maji na zana za kisiki hai. Gari lako likibeba samadi na maji kiangazi kimoja, kikundi kitalikumbuka kuliko bango.

Kama jirani zako wana ardhi yenye visiki vinavyochipua, usitafute kitalu kwanza. Lipia mafunzo na mikutano, uanze na wakulima wachache walio tayari, wengine watakuja kuangalia mavuno ya kuni.

Na kama wewe ni mdogo kiasi kwamba mchango wako peke yako hautoshi hata posho ya mlinzi mmoja, ungana na wenzako wa mtaa huohuo. Fungueni akaunti moja yenye watia saini watatu, mmoja wao atoke kwenye kikundi kinachotunza miti, na kila robo mwaka bandikeni madukani karatasi moja yenye mambo matatu: kilichoingia, kilicholipwa, miti iliyohesabiwa hai. Mkutano wenu wa kwanza na kikundi ufanyike mapema kiangazi, ili oda ifike kabla mbegu hazijasiwa na mashimo yawe yamechimbwa mvua ikianza.